Wimbo wa Robati

Jumatano, 7 Julai 1976
Tumeshinda! Kwaya ya shule yetu imekuwa ya kwanza mkoa mzima, kwa wimbo wa kuvuna ulezi. Mzee Fransisko, mwenyekiti wa kijiji, kanikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Jaji akauliza mtunzi nani. Nikasema mimi.
Maneno ni yangu. Tuni siyo. Nimeitoa kwenye santuri ya Deivi, Mwingereza aliyefundisha hapa. Alipoondoka mwaka sabini na nne nilimsaidia kufunga mizigo, santuri moja nikaibakiza. Ni ya bendi yake ya ujanani — magitaa, fidla, filimbi. Naenda kuisikiliza mjini kwa Muhidin, kwenye gramafoni ya dukani. Aibu.

Ijumaa, 16 Julai
Watoto wanauimba hata wakichota maji. Leo mke wangu Silvana kauimba akisonga ugali. Nikamwambia anyamaze. Kaniangalia tu, akaendelea kusonga.

Jumatatu, 19 Julai
Deivi karudi! Yuko na mradi wa visima. Mwalimu mkuu akaamuru kwaya imwimbie mgeni. Ningefanyaje? Nikasimama mbele, nikawaanzishia wimbo ule ule.
Ubeti wa pili Deivi akavua miwani. Baadaye akaniuliza, taratibu, wimbo umetoka wapi. Kasema tuni hiyo aliitunga rafiki yake Robati, mpiga filimbi wa bendi. Santuri zao hazikununuliwa, maduka yakazirudisha. Robati akaacha muziki, akawa fundi bomba, kafariki mwaka jana. Hakuwahi kusikia watu wakiimba wimbo wake.
Mzee Fransisko alikuwa pembeni yangu, anatabasamu.
Nikasema, "Ni wa zamani, Deivi. Bibi yangu alikuwa anauimba kwa Kifipa."
Bibi yangu! Marehemu, nimemsingizia na yeye.

Jumanne, 20 Julai
Deivi kaja nyumbani, macho mekundu. Amefikiri sana, kasema. Bendi yao ilikuwa na desturi ya kuokota nyimbo za wazee, na Robati alipenda kusikiliza kanda za Afrika. Basi atakuwa aliuchukua huko, akadai ni wake.
"Mwalimu Evaristi, nisamehe kwa niaba yake," kasema.
Kaniomba radhi mimi! Santuri iko chini ya kitanda alichokalia. Nikasema hakuna neno. Nikamkaribisha chai. Mimi ni mtu gani?

Alhamisi, 22 Julai
Sumbawanga. Nimekuja kuchukua chaki. Deivi kanipa barua nimpostie — inakwenda kwa mama yake Robati, Uingereza. Ameona ni haki mama ajue ukweli, wimbo ule una wenyewe huku Ufipa.
Nimekaa kwenye ngazi za posta tangu saa tatu. Upepo huu wa Julai unakata masikio, lakini bahasha imeloa jasho langu. Mama wa watu alibakiwa na wimbo mmoja wa mwanawe.
Karani katoa kichwa dirishani, anauliza kama nina ya kutuma, gari la barua linaondoka. Nimesimama, bahasha mkononi, na bado sijui kama nitampa au nitaichana.