Picha ya Kiangazi

Kodalia ya sasa,
ng'ambo ya mashariki ya mto Jamuna,
tarehe 9, mwezi wa Magh

Kaka yangu mpendwa Delwar,

Assalamu alaikum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute u mzima, lile jino limetulia, na msimamizi wenu mpya amepunguza ukali. Sisi huku, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, hatujambo. Kikohozi cha Baba kinakuja na kuondoka na ukungu, lakini anakula. Juzi alimaliza sahani nzima ya khichuri na samaki mkavu, kisha akauliza kama sufuria imebakiza kitu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mimi nami ni mzima, ila macho yamechoka kwa kukodolea kompyuta, na mgongo nao una malalamiko yake.

Najua utashangaa kupata karatasi. Kwa simu nimejaribu mara tatu, Kaka, na kila nikianza wewe unanikatiza kwa furaha yako, nami nashindwa. Kwa hiyo nimempa Habibur, yule fundi rangi wa ng'ambo anayerudi Maskati Jumapili, na nimemsihi akukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Umesema unakuja mwezi ujao, Falgun, baada ya miaka saba. Umesema hutapitia nyumbani kwanza. Ukishuka gatini utafungua ramani yangu kwenye simu, utaifuata hadi kwenye alama ya mama, na utamsomea Yasini ukiwa umesimama juu ya udongo alimolala, kwa kuwa siku tulipomzika mwajiri wako alikunyima ruhusa. Mara ya mwisho uliposema hivyo sauti yako ilikatika. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hujafunga mizigo.

Niruhusu nianze mwanzo. Ukiusikia mwisho peke yake utanichukia kupita ninavyostahili, na chuki ninayostahili inatosha.

Unajua kwamba mwaka jana shirika moja la Dhaka lilinipa kazi. Lilitaka watu waliohamishwa na mto wasimulie nyumba zao zote, nami niziweke kwenye ramani ya mtandaoni. Mtu akigusa alama, inafunguka picha, na sauti ya mwenye nyumba inaanza kusimulia. Aliyekuwa juu yangu ni Bwana Tanvir, kijana mwenye miwani mizito ambaye hajawahi kulala kisiwani kwetu, humu mtoni, hata usiku mmoja, lakini ni mtu mwema na hupokea simu zake. Nilizunguka Kodalia nzima na kinasa sauti, kutoka bati hadi bati, na nilikunywa chai nyingi kuliko maji.

Kazi yenyewe ilinipiga chenga kuanzia siku ya kwanza. Niliandika namba za mahali kinyumenyume, ya kwanza nikaiweka ya pili, na nilipofungua ramani watu wetu wote walikuwa wamepandishwa juu kabisa ya dunia, kwenye barafu. Nilimwonyesha Bi Jorina, ambaye mto umemhamisha mara tisa. Aliutazama ule weupe, akatafuna tambuu yake, akasema katika kuhama kwake kote huko bado hajafika, ila nisiseme kwa sauti mto usije ukasikia. Nilipozirekebisha namba, herufi zetu zikageuka visanduku vitupu. Visanduku vilipoisha, sauti zikagoma kufunguka kwenye simu za bei ndogo, na simu za bei ndogo ndizo simu za kwetu. Halafu mashine ikazikusanya nyumba tisa za zamani za Bi Jorina kuwa duara moja lenye namba tisa, kwa kuwa zote zinaitwa Kodalia. Bwana Tanvir alidhani nimerudia jina kwa makosa. Ilinibidi nimweleze kwamba huku kwetu kijiji hakibaki mahali. Tunapohama tunang'oa mabati, tunabeba nguzo, na jina tunalibeba pia, na tunapokita nguzo ya kwanza hapo ndipo Kodalia. Akaniuliza sasa ramani itajuaje.

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko alivyofikiri. Ramani ya namna hii, Kaka, chini inatandikwa picha ya ardhi iliyopigwa kutoka angani, na juu yake ndipo alama zinapangwa. Picha ya chini unaweza kuiondoa ukatandika nyingine, na alama zisitikisike hata kidogo. Nilipotandika picha ya karibuni, alama thelathini na moja kati ya hamsini na nane ziliangukia katikati ya mto. Bwana Tanvir akapiga simu.

"Dada, nusu ya nyumba zako zinaogelea," alisema. "Wageni wakiona hivi watajua ramani ni mbovu. Zivute mpaka nchi kavu."

Nilimwambia hazikukosea, nyumba zilikuwa pale pale. Akasema anaelewa, lakini wageni hawataelewa. Nilikaa na hilo neno siku nzima. Kumvuta mtu kutoka kwake, hata kwa kidole, kwa umbali wa ukucha tu, sikuweza. Basi nikatafuta njia nyingine. Nilichukua picha ya zamani, ya kiangazi cha miaka sita iliyopita, wakati mto ulikuwa umenywea na kisiwa chetu kimejaa kuanzia kichwa hadi mkia, nikaitandika chini. Alama zote zikasimama kwenye udongo. Bwana Tanvir alifurahi akaniita fundi. Watu nao walifurahi. Mzee Abed alikuja kila alasiri kwa wiki mbili kutazama shamba lake la mikunde kwenye simu yangu, anagusa kioo kwa kidole kichafu, haombi kitu kingine.

Na wewe ulifurahi. Uliuona mfenesi wa nyuma ya nyumba, pale tulipomzika mama. Ulikuza na kukuza mpaka ukaona doa jekundu kando yake, ukaniambia zile ni pilipili zimeanikwa kwenye jamvi, ukaniuliza nani siku hizi anaanika pilipili kwetu. Nilikujibu ni majirani waliobaki upande ule. Kaka, picha ile ilipigwa miaka miwili kabla ya mama kufariki. Pilipili zile ni zake. Huenda na yeye mwenyewe yumo pichani, amejikunja kivulini, ila ni mdogo mno kuonekana. Hapo nilikudanganya, na haikuwa mara ya kwanza. Uliponiambia kwamba kila Ijumaa unaiweka simu mbele yako, unasoma Yasini ukitazama mfenesi ule, niliingia jikoni nikalia mpaka moto ukazimika.

Nilidhani nitaweza kuendelea hivyo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwa Moinul.

Moinul ni yule mtoto wa Mzee Sobhan. Ulipigana naye utotoni kwa ajili ya tiara. Wazazi wake walihamia Gazipur kwenye viwanda vya nguo kabla ardhi yao haijaliwa, yeye akaenda Malaysia, na hakuna aliyemwambia lolote. Mwezi uliopita amerudi. Amekuja na mkewe na binti wa miaka minne, amevaa viatu vipya, anataka kuwaonyesha bwawa alilojifunzia kuogelea. Alikuwa na ramani yangu mkononi. Alimkodi Kuddus na mashua yake. Kuddus unamjua, hana breki mdomoni. Alipooneshwa kidoa kwenye simu alimuuliza mheshimiwa anataka kupelekwa juu yake au chini yake. Moinul alidhani anachekwa kwa kuwa ametoka ugenini, akamwambia aendeshe tu. Walizunguka pale mtoni karibu saa nzima. Simu ilisema wamefika. Kuddus alizamisha mwanzi wake wa mikono kumi na miwili na haukugusa chini. Mtoto akaanza kuuliza bwawa liko wapi.

Walikuja moja kwa moja kwangu. Nilijiandaa kutukanwa, na ningeshukuru. Moinul alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa polepole.

"Dada, ramani yako imenifikisha," alisema. "Sasa niambie nilitakiwa nishukie wapi."

Nilimpa mkewe bisi za mchele na sukari guru, nikampapasa mtoto nywele, nikawasindikiza. Kuddus alibaki nyuma kufunga kamba. Hakunitania safari hii. Alisema ramani yangu ni nzuri, lakini inaonyesha jana, na abiria wake wanasafiri leo.

Sasa nafika pale ambapo simu ilinishinda.

Kaburi la mama halipo, Kaka. Limeondoka na mto mwaka juzi, mwezi wa Bhadra, mto ukiwa umefura, wiki ile ile tuliyohama. Nilikuambia nyumba imeliwa lakini upande wa nyuma wa makaburi, kando ya kijito, umesimama. Haukusimama. Baba alitaka ujue siku ile ile. Mimi ndiye niliyemwomba tungoje upate nafasi kazini, kisha tungoje Idi ipite, na baadaye hakuniuliza tena.

Na hilo si lote. Kama lingekuwa lote ningelisema kwenye simu.

Ukingo ulipoanza kupasuka tulikuwa watu wanne na mashua moja. Imamu alikuwa amesema maiti inaweza kuhamishwa mto unapoijia, na Baba alikuwa tayari. Alishanunua sanda nyeupe mpya sokoni na jembe alikuwa nalo begani. Alitaka tumtoe mama kwanza, mabati baadaye. Mimi nilimzuia. Nilitoa simu, nikafungua picha ya eneo letu, nikapima kwa kidole kutoka mfenesi hadi ukingo wa mto mkubwa. Zilikuwa mita tisini. Mto ulikuwa unakula kama ishirini na tano kwa siku. Nikamwambia Baba tuna siku tatu nzima, tuokoe mabati leo maana majirani wako tayari kusaidia leo.

Baba alisikiliza, kisha akasema, "Nurnahar, nyuma kunanguruma."

Nikamwonyesha simu. Nyuma, kwenye picha, kulikuwa na kijito kikavu chembamba kama uzi, mbuzi angekiruka. Nilimwambia kile si kitu, ni mtaro. Nilisema hivi, Kaka, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Mama hana haraka. Tutamchukua kesho."

Baba aliitazama ile simu. Ni mtu aliyeishi na mto huu miaka sitini na anaujua kwa masikio, lakini alinisomesha mimi kwa maziwa ya ng'ombe wake, akaniamini. Aliweka jembe chini, akapanda juu ya paa kung'oa misumari.

Picha ile ilikuwa ya kiangazi. Ni ile ile niliyokuja kukutandikia wewe. Ndiyo maana nilipoihitaji nilijua pa kuitafuta. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekigeuza kijito kuwa mkono wa Jamuna, na ulikuwa unachimba kutoka nyuma wakati mimi napima kutoka mbele. Alfajiri tulipokwenda na jembe na sanda, mfenesi ulikuwa umelala majini na mizizi juu, na kupita pale hapakuwa na kitu. Baba alisimama pale mpaka jua likapanda. Sanda ameikunja, iko chini ya sanduku lake mpaka leo. Hajanilaumu hata siku moja, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Mabati yote yaliokoka. Naandika chini yake.

Jana nimeiondoa picha ya kiangazi, nimetandika ya mwezi uliopita. Bwana Tanvir amenipigia akisema nyumba zimerudi mtoni, nikamwambia ndiyo, zimerudi. Hakupenda. Pengine kazi itaishia hapo, na sina nguvu ya kusikitika kwa hilo. Ukifungua ramani sasa utaona maji tu, na alama ya mama katikati yake. Usiizime simu ukidhani imeharibika. Alama sijaisogeza hata unywele. Ni pale pale tulipomlaza.

Nakuomba uje. Uje nyumbani kwanza, unawe uso, ule. Baba ataomba mashua ya Kuddus akupeleke. Baba huwa anakwenda pale, mimi sijawahi kuthubutu kupanda naye. Na kama moyo wako hautaki kuniona, mwambie tu Habibur anipigie siku yako ya kufika. Nitakwenda Bogura kwa shangazi kwa muda wote utakaokuwepo, na nitawaachia chakula kimepikwa, ili wewe na Baba mkae kwa amani.

Nisalimie wote mnaokaa chumba kimoja, hasa yule Mzee wa Noakhali aliyekuuguza homa. Baba anakupa dua. Anadhani nakuandikia habari za ndama. Mwenyezi Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Nurnahar