Mkebe wa Maji Kando ya Jiwe

Shangazi yangu, Tata Wairimu,

Jiwe limehamishwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Barabara ya ndani inapanuliwa, na lango lako, pale jiwe lilipokuwa, limerudishwa nyuma hadi karibu na mparachichi. Vijana walilibeba jiwe kwa mkokoteni hadi uwanja wa kanisa na kuliweka karibu na bomba. Halikupasuka. Lile bonde la katikati, ambamo visu na mapanga ya mtaa mzima wa Kinoo yalinolewa tangu hapa pakiwa mashamba matupu, bado ni laini kama sahani.

Wapangaji wako wapo. Kuku nimeuza.

Kamati ya kanisa iliamua jiwe liwekewe kibao, na kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, nikapewa kazi ya kuandika maneno. Watoto wa marehemu Mzee Mbugua, yule wa machimbo ya mawe, walitaka kibao kiseme kwamba baba yao ndiye aliyelileta. Nawe hospitalini, barabara ilipokuwa bado fununu, ulinishika mkono ukasema: "Wakiliandika, Mbugua asiwe hapo."

Sababu nilikuwa naijua. Anayekuja kunoa huja na maji yake, na akimaliza huacha mkebe umejaa kwa ajili ya anayefuata. Hiyo ndiyo ilikuwa historia yako ya Kinoo. Wengine walisema fulani alianzisha kwaya, fulani alikuwa mwalimu mkuu wa kwanza. Wewe ulisema nani aliacha maji. Mkunga aliacha. Mwalimu mkuu aliacha nusu mkebe, "vile tu alivyofundisha." Wachinjaji kutoka Dagoretti walijaza mpaka ukamwagika. Na Mbugua, pamoja na majumba yake yote, aliacha mkebe mkavu. Hilo nimelisikia tangu sijaanza shule.

Lakini lilikuwa neno la mtu mmoja, Tata, na katika kazi yangu neno la mtu mmoja halichapishwi. Nikaenda Dagoretti kwa Nyambura, rafiki yako uliyekuwa ukinoa naye. Anakaa kwa binti yake nyuma ya soko. Macho yamepungua, mdomo haujapungua. Nikamuuliza jiwe lililetwa na nani. Akasema halikuletwa na mtu, walilikuta. Hapo dai la watoto wa Mbugua likawa limeisha. Nikauliza kuhusu mkebe.

"Mbugua aache mkebe mkavu? Ngai! Huyo alikuwa anajaza. Tata yako ndiye alikuwa anamwaga."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akicheka mpaka akakohoa. Alisema ulikuwa unamngoja Mbugua afike kwenye kona, unamwaga maji kwenye migomba, kisha unapaaza sauti: "Wee Mbugua! Mkebe umekauka!" Naye anarudi. Anashuka mtoni, anajaza tena, mnapiga gumzo, anaondoka. Kesho yake vivyo hivyo, na panga lake lilikuwa halihitaji tena kunolewa.

Nikauliza kama Mbugua alijua.

"Mjinga anaweza kumiliki machimbo?" akasema Nyambura.

Kisha Mbugua akaoa msichana wa Muthangari. Nyambura anasema ulienda harusini, ukala, ukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo ukawa unalisema lile neno la mkebe bila kucheka.

Nilikaa na hayo ofisini siku nzima. Ningeweza kukutii. Lakini uongo wa gazetini angalau kesho yake unafungiwa nyama. Wa kwenye jiwe unabaki. Nikapeleka maneno haya kwa kamati:

Jiwe hili halikuletwa na mtu.
Mbugua na Wairimu walilitunzia maji.
Ukimaliza kunoa, mwachie anayefuata.

Watoto wa Mbugua walinung'unika kuhusu mstari wa kwanza. Walipofika wa pili, yule mkubwa akausoma mara mbili. Kisha akasema: "Mzee akipita kwa lango lenu alikuwa anapunguza mwendo. Sisi tulidhani ni goti."

Wakakubali.

Jina la Mbugua limetangulia lako kwa sababu ya alfabeti tu, kwa hiyo usininunie.

Fundi ni yule yule aliyechonga msalaba wako. Alipokuwa kwenye mstari wa pili akainua kichwa akaniuliza, "Hawa walikuwa bibi na bwana?" Nikamwambia hapana, aendelee kuchonga.

Pumzika, Tata. Mkebe wako, ule wa mafuta ya kupikia wenye kutu ukingoni, nimeuweka kando ya jiwe. Kila Jumapili nitapita hapo kabla ya ibada. Nikiukuta mkavu nitaujaza, na sitauliza ni nani aliyemwaga.

Ni mimi,
Njoki