Picha za Ndege Zilizokosa Mwenyewe

Mjukuu wangu,

Jina lako siliandiki. Unajua kwetu aliyekufa haitwi tena kwa jina. Lakini usifikiri Koko wako, nyanya yako huyu, ni mtu wa adabu sana. Hiyo mila nimeitumia vibaya, na tangu Jumapili hata chai hainishuki.

Mvua imenyesha. Yale maua meupe yametoka tena chini ya boma, yale yanafanana na tishu zilizotupwa na watu wa harusi. Wewe ulikuwa unalala hapo kwa tumbo, na suruali nimefua asubuhi, unangoja kidege kiimbe ndio upige picha. Nilikuuliza mbele ya wamama waliokuja kuteka maji, hao ndege utawakamua lini kama ng'ombe? Walicheka mpaka wakaweka mitungi chini. Wewe ulisema tu, "Koko, nyamaza kidogo, ataruka."

Sasa sikia. Zile picha uliacha studio ya Kitengela zikuzwe, kabla ile pikipiki haijakuua, zimeletwa kanisani. Mwenye studio ni mpya, hakujui. Aliambiwa tu ni za kijana wa huku. Mchungaji pia ni mgeni. Baada ya ibada akainua moja: kidege cha kifua cha manjano katikati ya maua yetu, mdomo wazi, hata ulimi unaonekana. Akauliza, "Hizi ni za nani?"

Wale wamama wote wakanigeukia. Wanajua. Lakini jambo la boma langu ni mimi wa kulisema, hakuna wa kunitangulia.

Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

Mchungaji akasema basi, zitakaa ofisini, hazina mwenyewe. Tukitoka, Mama Nasieku, mmoja wa wale wamama, alinishika mkono, akauachia, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Nilijiambia ni mila. Uongo. Mila inakataza jina, haikatazi kusema huyu alikuwa wangu. Niliogopa wakumbuke ule mzaha wangu wa kukamua. Mwanamke mzima, meno yameisha, naogopa kuchekwa, na kwa hiyo nimekukana ndani ya kanisa.

Na wewe pia uko na makosa. Kwa nini hukunionyesha zikiwa kubwa hivyo? Ulikuwa unanisukumia kamera, kioo chenyewe kama ukucha, macho yangu yangeona nini? Ungenilazimisha. Ulikuwa mpole sana, na mimi mtu mpole simsikii.

Samahani. Nimeanza kukugombeza tena. Naandika polepole, haya maandishi nimeyapata gumbaru, shule ya watu wazima, uzeeni.

Jumapili nitasimama mchungaji akiwa bado hajafungua Biblia. Jina sitataja. Nitasema aliyepiga hizi picha ni mtoto wa mtoto wangu, alizipigia kwenye nyasi zangu, na mimi ndiye niliyemdharau. Wakicheka, wacheke. Halafu nitaenda ofisini nizibebe mwenyewe mpaka nyumbani.

Pumzika, baba. Koko hatakukana mara ya pili.