Keki ya Tende Anayodhani ni ya Bibi Yake

Bi Ghalia, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya sikukuu ya taifa, zimebaki wiki tano na usingizi sina.

Nimezaliwa Unguja, nimeolewa huku Ibra, Oman, nina mtoto mmoja, na mavyaa wangu Bi Turkiya, mamake mume wangu, ni mtu wa Samad, mji wa jirani, hajapata kuvuka bahari, na tangu nije, kila akila chakula changu husema mikono yangu inajua nazi tu. Sasa mwezi uliopita, pale ninapompeleka mtoto kupimwa uzito kuna nesi wa Kanada, Sista Magreti, akanionjesha keki ya kwao, juu na chini oti zile za kopo tunazowapikia watoto uji, kazichanganya na siagi na sukari, katikati tende, akasema kwao nyumba nyingi huipika na wengine huiita keki ya harusi, nami nikarudi nikaipika kwa makaa juu na chini, nikatia tende za shamba la mavyaa, nikampa bila ya kusema ni ya wapi maana nilijua ataikataa. Akala vipande vitatu. Akasema, "Hiki alikuwa akipika bibi yangu. Nani kakufundisha, binti yangu?"

Bi Ghalia, miaka minne hajapata kuniita binti yangu. Nikanyamaza. Basi ameshawaambia majirani wote, na kwenye maonyesho ya mapishi ya wanawake siku hiyo ya sikukuu keki imeandikishwa chakula cha asili cha Samad, na jana nasikia mgeni wa kuonja ni Sista Magreti mwenyewe. Nikisema namvunja moyo, nikinyamaza ataaibika mbele za watu. Nifanye nini?

Mama Ghaniya, Ibra

Marahaba, Mama Ghaniya. Kupika hukukosea, ulikosea kunyamaza, na hilo nakugombeza. Ulitamani kuitwa binti, nakufahamu. Lakini binti hamwachi mama yake asimame mbele za watu na maneno yasiyo kweli.

Sasa nisikilize. Kanada ni theluji, mtende hauzai. Tende zao walizipata wapi? Zilikwenda kwa meli kutoka pande zetu hizi, wakazipika mpaka watoto wao wakakua hawajui kuwa ni za kuja. Na sisi je? Mchele tunaompikia kila mgeni hapa Oman haukuota Ibra, na nani atasema wali si wetu? Chakula huwa cha watu kwa kupikwa na kupikwa tena. Keki hii kwenu ina mwezi mmoja, bado ni ya Sista.

Kwa hiyo mwambie mavyaa wako kesho, baada ya kahawa, mkiwa wawili tu, na usimtume mumeo. Atanuna. Mwache anune, wiki mnazo. Maonyeshoni keki ibandikwe karatasi: mapishi ya Kanada, tende za Samad. Pembeni yake weka mkate wa kumimina, na nazi yake, uandikwe wa Unguja, usiufiche.

Na akikuuliza hiyo keki inaitwaje hasa, mwambie keki ya harusi. Tende zake yeye, mkono wako wewe. Atafahamu.