Kaka yako na makaa yaliyolia pa

Jinja

Wifi Zaina mpenzi, mimi na mtoto tunakusalimu.

Jana nilimpelekea kaka yako chakula karakana, wanakomjaribu kazi. Wanamwagia makaa ya mawe hewa iliyogeuzwa maji, baridi kushinda barafu, ili yapasuke na gesi iliyojificha ndani itoke, watu wapikie. Makaa yakalia pa! Shujaa wenu, chini ya meza! Vita viliisha, masikio yake hayajaambiwa. Nikasema basi, kazi imekwenda. Mara bwana mkubwa wao naye akaingia kwa magoti: "Sogea kidogo, bwana." Walitoka huko wakicheka, bwana mkubwa akamwambia, "Wewe tutaelewana. Anza leo."

Siku moja Namatala nanyi mtapikia gesi, wifi, muache kulia na moshi. Tunawapenda, Mungu awalinde.

Mama Hawa