Kuku wa shukrani kwa kazi nisiyoifurahia

Jumapili, Uyole. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na soksi ndefu za mpira wa miguu, na sijaenda popote. Hata kanisani sijaenda.

Jana niliitoa. Ile programu ya kuandikia programu nyingine, niliyoijenga peke yangu katika chumba hiki tangu mwaka juzi, sasa iko mtandaoni. Ni ya bure. Anayetaka aichukue, aifungue ndani, abadilishe apendavyo. Nilibonyeza, nikaitazama skrini kidogo, kisha nikaenda kuosha sufuria.

Nilidhani nitalia.

Sikusikia kitu. Si furaha, si huzuni. Nimekufa ganzi, basi. Asubuhi nimekuta mtu nisiyemjua, wa nchi ya mbali, ameniandikia kwa adabu kabisa kwamba akifungua faili kubwa programu inaganda. Nimeisoma kama taarifa ya msiba wa mtaa mwingine.

Tatizo ni kwamba kazi ya namna hii haiishi siku ya kuitoa. Siku hiyo ndiyo inaanza kudai. Lazima awepo mtu wa kuirekebisha, kuwajibu watu, kuitunza, na mtu huyo ni mimi tu. Kwa hiyo mchana nimeandika tangazo fupi: sitaendelea nayo, anayeitaka aichukue. Nilikuwa nalisoma mara ya mwisho kabla ya kulituma, mama akapiga simu kutoka Iringa, akaanza na salamu ya kikwetu.

"Kamwene, mwanangu. Leo nimekutolea shukrani."

Jana nilimwandikia kwamba kazi imekwisha. Ningejua ningenyamaza. Kwa mama, kazi iliyokwisha inashukuriwa kama mavuno, haijalishi ni ya mahindi au ya kompyuta. Basi amembeba tetea wake mwekundu, yule anayetaga bila kukosa, kutoka nyumbani Mlandege hadi madhabahuni. Baada ya ibada kuku akanadiwa nje pamoja na maboga na ndizi za watu. Aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, na wa pili naye hivyo hivyo, mpaka mama mdogo akaondoka naye. Mnadishaji alimwita kuku wa kompyuta. Mama anasema hapo ndipo bei ilipopanda.

Alikuwa anacheka. Mimi nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Ametoa tetea wake mzuri kwa ajili ya kitu ambacho mimi nilikuwa nakitupa.

Uongo nao unataka nguvu, na mimi sikuwa nazo.

"Mama, mimi mwenyewe sijafurahi," nikamwambia. "Sisikii kitu chochote. Nilikuwa nataka kuiacha."

Nilijiandaa kwa mahubiri, maana mama yangu hakosi mstari wa kumpa mtu.

"Umechoka wewe," akasema. "Pumzika. Mimi nimeshashukuru. Siyo lazima tushukuru wote siku moja."

Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akasema haya.

Ningependa kuandika hapa kwamba kitu kimefunguka moyoni. Hakijafunguka. Chai imepoa pembeni na sina hamu nayo. Ila tangazo nimelifuta. Yule mtu wa faili kubwa nimemjibu kwamba nimeona, nitaiangalia wiki hii, anivumilie. Vidole vimeandika vyenyewe, lakini vimeandika.

Tangu hapo nayarudia maneno ya mama. Labda mtu anaweza kushikiwa nafasi kwenye furaha yake mwenyewe, kama tunavyoshikiana kwenye foleni ya maji, mpaka afike. Mama amenisimamia pale mbele ya watu wote.

Mimi bado niko njiani. Nitafika kabla hajachoka kusimama?