Kiraka cha Zalman

Yerusalemu, Jumatano

Mdogo wangu Fruma,

Goti limepona, paka kazaa tena. Unakumbuka nilivyogombana na marehemu mume wangu juu ya kile kiraka cha ukuta mkabala na mlango, kisichopakwa rangi ili hata kwenye furaha tukumbuke kubomolewa kwa Hekalu? Miaka thelathini nilimwambia, "Zalman, wageni watadhani rangi ilituishia!" Naye: "Nyumba yenye mwanga mtupu ni duka la taa, Mirel."

Jana fundi kapaka ukuta mzima. Unang'aa! Nikakaa kuufurahia, chai ikapoa.

Leo nimekwangua pale pa kiraka kwa kijiko cha supu. Fundi kaja kuchukua ndoo yake, akapiga kelele: "Mama, umeniharibia kazi!"

"Nyamaza, mwanangu. Ndiyo kwanza inakamilika."

Ukija, leta kijiko kigumu. Changu kimepinda, na kiraka hakijafika ukubwa aliouacha yeye.

Dada yako,
Mirel